Chumvi Thelathini

Kofi la tatu lilimwangusha fundi kutoka kwenye kiti.

"Inuka," Sajini alisema, akipangusa kiganja kwenye suruali. "Nitakuuliza taratibu kama mtoto wa chekechea. Ulimsukuma kwa mkono mmoja au kwa miwili?"

Fundi wa matangi ya samaki aliinuka kwa goti moja. Pingu zilimzuia asijifute damu ya puani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba tangu jana jioni. Majirani walimkuta amepiga magoti kando ya maiti ya daktari wa meno, chini ya ngazi za nyuma ya nyumba, wakamshukia kwa mateke na mipini ya mafagio hadi askari walipofika.

"Sikumsukuma. Nilileta pampu mpya, nikamkuta amelala pale. Nimesema mpaka ulimi umeota sugu."

"Basi tutaulainisha."

Mlango ulifunguka kabla kofi la nne halijafika. Inspekta alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba watuhumiwa walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Alikitazama kiti kilichoanguka, akaitazama damu sakafuni, kisha mkono wa Sajini.

"Umemaliza mazoezi?"

"Afande, huyu ni kobe. Ukimgusa tu, kichwa ndani."

"Hospitali wamepiga simu." Aliweka karatasi mezani. "Fuvu la daktari limepasuka, ni kweli. Lakini lilipasuka akiwa ameshakufa. Mapafu yamejaa maji. Sasa niambie, Sajini, ngazi humzamishaje mtu?"

Sajini aliisoma karatasi mara mbili, midomo ikicheza. Halafu uso ukamng'aa.

"Alimzamisha kwenye lile tangi! Nani mwenye kazi ya maji pale kama si huyu? Afande, kesi ndiyo kwanza imenyooka."

"Huenda. Saa nane mchana tunatakiwa tumfikishe mahakamani kwa mauaji. Sasa hivi ni saa nne. Mlete, twende naye kwenye tangi."

"Kule? Wale watu bado wako getini. Jana mmoja alikuja na dumu la petroli."

"Ndiyo maana wewe utatembea mbele yake."

*

Jiwe la kwanza liligonga boneti ya gari. La pili lilimpata Sajini sikioni alipokuwa akifungua mlango.

"Mtoeni tummalizie!" mwanamume mwenye fulana iliyochanika alipiga kelele. "Daktari alimng'oa mama yangu jino bure!"

"Muuaji! Huyo ni wa kuchomwa, si wa kulishwa na serikali!"

Mkono mmoja ulipenya kati ya askari ukamshika fundi shingoni. Inspekta aliupiga kirungu kwenye kifundo, mara moja, na mwenye mkono akaurudisha akilia. Geti likafungwa nyuma yao. Sajini aligusa sikio lake, akakitazama kidole chenye damu, akatukana polepole kwa heshima ya nyumba yenye msiba.

Walipanda ngazi za mbele hadi sebuleni. Mjane alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mikono kati ya magoti. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jana mchana kutwa alikuwa darasani, na wanafunzi arobaini walimwona. Alipomwona fundi, alisimama.

"Mmemleta humu? Kwenye nyumba yangu?"

"Pole, mama. Dakika chache tu," Inspekta alisema.

Tangi lilichukua ukuta mzima, lita mia nne za maji ya bahari chini ya taa za buluu. Mawe yalipangwa kama mlima. Fundi alilisogelea, akasahau pingu, akasahau kila aliyekuwepo.

"Nani kamfanya hivi?"

"Nani?" Sajini akauliza.

"Huyo hapo!"

Nyuma ya jiwe la chini kabisa, gizani, kulikuwa na kitu mfano wa soksi iliyogeuzwa nje ndani. Samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe, walikuwa wakizunguka juu ya jiwe tupu kama watu waliorudi nyumbani wakakuta nyumba imebomolewa.

"Huyo ni anemoni," fundi alisema. "Mnamwona kama ua, lakini ni mnyama. Jana saa tatu asubuhi, nilipokuja kukagua pampu ya zamani, alikuwa juu ya jiwe lile, amekunjuka mpana kama sahani, minyiri yake yote, ile mikono laini kama nyuzi, inacheza. Miaka minne hajahama hata upana wa kidole. Anemoni akiridhika na mwanga, na mwendo wa maji, na chumvi, hahami. Akihama, ujue kuna kilichomkuta."

"Kwani wanyama hawasikii kelele?" Sajini akasema. "Bwana wake anauawa mbele yake, atakaa anacheza?"

"Hana masikio, afande. Hana hata ubongo. Ila chumvi ikibadilika anajua kuliko wewe na mimi."

Inspekta alikuwa tayari amepiga magoti. Alipitisha kidole chini ya kochi, pale sakafu inapokutana na ukuta. Kidole kilitoka na unga mweupe. Akauonja.

"Chumvi," alisema. "Mama, jana uliporudi ulipiga deki hapa?"

"Nirudi nikute mume wangu yuko chini ya ngazi, halafu nipige deki?"

"Na taulo zile nne kwenye kamba ya nyuma, nani kazianika?"

Mjane alitazama dirishani. "Sikuzianika mimi."

Sajini alitumwa akazilete. Zilikuwa zimekauka zikakakamaa. Alipoiegemeza moja ukutani ilibaki imesimama yenyewe.

"Daktari alizamishwa hapa," Inspekta alisema. "Alipapatika, maji yakamwagika. Mtu akayapangusa, akamburuta hadi ngazi za nyuma, akamwachia aporomoke. Lakini tazameni tangi."

Kwenye kioo, sehemu ya juu, kulikuwa na mstari wa wino mweusi. Maji yaligusa mstari ule barabara.

"Liko sawa," Sajini akasema.

"Ndilo linalonisumbua. Taulo nne zililowa chepechepe, na tangi halijapungua." Alimgeukia fundi. "Chumvi unaipimaje?"

"Kuna kipimo kwenye droo, kama kidarubini. Tone moja kwenye kioo chake, funika, tazama dirishani. Utaona namba."

Inspekta alifanya hivyo. "Thelathini."

"Haiwezekani. Futa, rudia."

Alifuta, akarudia. "Thelathini."

"Jana niliiacha thelathini na tano." Fundi alimeza mate yenye damu. "Anemoni ameogeshwa maji matupu, yasiyo na chumvi. Haki ya Mungu, kama angechomwa kisu ingekuwa afadhali."

"Maji matupu yangetoka wapi? Bombani?"

"Fungua kabati la chini."

Ndani mlikuwa na mapipa mawili. La kifuniko cheupe lilijaa hadi shingoni. La buluu lilikuwa na namba pembeni, na maji yake yalikuwa yameshuka hadi arobaini.

"Jana nililijaza la buluu hadi mia," fundi alisema. "Hayo ni maji yaliyochujwa, hayana chumvi hata chembe. Jeupe ndilo la maji ya chumvi, nilikoroga mwenyewe juzi. Jana hakuna aliyepaswa kugusa lolote kati ya hayo."

Lita sitini. Inspekta aliandika kwenye daftari, akapiga mstari, akaandika tena. Ukitoa lita sitini za maji ya chumvi kwenye mia nne, ukaweka sitini zisizo na chumvi, thelathini na tano inashuka hadi thelathini. Hesabu ilikaa kama ufunguo kwenye kufuli lake.

"Fundi, kama ungekuwa wewe umemwaga maji haya, ungejazia lipi?"

"Jeupe! Hata usingizini ningeshika jeupe."

"Anaweza kuwa alibabaika," Sajini akaingilia. "Mtu ameua, mikono inatetemeka..."

"Mtu akibabaika, mkono hufanya ulichozoea. Wako ukibabaika hupiga makofi." Inspekta alielekeza kalamu upande wa bomba. "Na mgeni asiyejua kitu angefungua bomba, liko hatua tano kutoka hapa. Huyu aliliacha bomba, akaliacha pipa jeupe, akachagua la buluu. Kuna mtu alifundishwa nusu. Nani?"

Fundi alifikiri kidogo tu. "Nilimfundisha mtu mmoja. Wakisafiri, yeye ndiye hubaki kulitazama. Maji hukauka kama lita nne kila siku. Nikamwambia, yakishuka chini ya mstari jazia kutoka pipa la buluu, usitie chumvi, na bomba usiliguse kabisa maana dawa ya maji ya bomba itawaua. Basi. Maji yakikauka, chumvi hubaki ndani, kwa hiyo unarudisha maji peke yake. Lakini yakimwagika, yanaondoka na chumvi yake. Hilo sikumfundisha. Halikuwahi kutokea."

"Mtu gani huyo?"

Aliyejibu alikuwa mjane.

"Shemeji. Mdogo wake marehemu."

*

Inspekta alimtaka mjane akae, akavuta kiti mbele yake.

"Walikuwa na ugomvi?"

"Ndugu hawakosi..."

"Mama."

Mjane alikunja ncha ya shuka alilojifunika. "Shemeji alikuwa akimsaidia kliniki. Kusafisha vifaa, kuita wagonjwa. Wiki iliyopita mume wangu alikuwa mkutanoni, shemeji akavaa koti jeupe akamng'oa mama mmoja jino. Alimvunja taya. Yule mama anakula kwa mrija. Mume wangu alisema Jumatatu ataandika barua kwa wakubwa. Shemeji alilia hapa hapa sebuleni. Nikamwambia mume wangu, damu ni nzito kuliko maji. Akasema taya pia ni la mtu."

"Shemeji alisema jana alikuwa wapi?"

"Kwake. Amelala na homa. Kasema humu hajakanyaga wiki tatu."

Inspekta alitoa picha ya hospitali. Kwenye shavu la maiti na chini ya sikio kulikuwa na michirizi myekundu, miembamba, imepangana.

"Sajini, uliandika hii ni alama ya kuchapwa waya. Kunja shati."

"Mimi?"

"Ingiza mkono humo. Umguse yule mnyama kwa upande wa ndani wa kifundo, ngozi ilipo laini."

"Afande, nina watoto!"

"Naye ana mama yake," Inspekta alisema, akimwonyesha fundi kwa kidevu. "Ulimkumbuka asubuhi?"

Sajini alizamisha mkono kama anayeutia kwenye mdomo wa mamba. Minyiri michache ya anemoni iliponata kifundoni, aliruka akawamwagia wote maji. Baada ya dakika kumi michirizi ilikuwa imevimba mkononi mwake, myekundu, myembamba, imepangana. Inspekta aliiweka picha kando yake.

"Inawasha, mama yangu wee!"

"Kwenye kiganja usingesikia kitu," fundi akasema. "Sisi huvaa glavu ndefu kwa sababu ya hapo hapo."

Inspekta alimkagua fundi mikono yote miwili hadi viwikoni. Palikuwa na michubuko ya mipini na vidole vilivyovimba kwa mateke. Michirizi haikuwepo.

"Sajini, chota ndoo moja ya maji ya tangi, mwaga jikoni. Halafu mpigie simu mdogo wake marehemu. Mwambie kuna karatasi ya mazishi ya kutia sahihi."

*

Alifika saa sita kasorobo. Kijana mrefu mwenye macho mekundu, shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote, jasho likimtiririka kwenye panja. Alimkumbatia mjane.

"Shemeji, jikaze. Mungu yupo." Kisha akamwona fundi. "Na huyu shetani anafanya nini hapa? Nipeni dakika moja naye, moja tu!"

"Utapewa nafasi," Inspekta alisema. "Kwanza tusaidie. Hii pampu inatupigia kelele hatusikilizani."

Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari, na pampu ilikuwa ikigugumia.

"Yamepungua tu." Kijana alishukuru kupata kazi ya mikono. Alifungua kabati, akachota ndoo kutoka pipa la buluu bila kulitazama jeupe, akaiinua hadi ukingoni mwa tangi.

"Usimwage!" Fundi alirusha mwili wake mbele, Sajini akamdaka kwa mnyororo wa pingu. "Utammaliza! Jana hukutosheka?"

Ndoo ilibaki hewani.

"Jana?" kijana akasema. "Jana nilikuwa na homa."

"Na mwezi huu hukujazia kabisa?" Inspekta aliuliza.

"Sijakanyaga humu wiki tatu."

"Lita sitini zimetoka kwenye pipa hilo tangu jana asubuhi. Kwa kukauka, hizo ni za siku kumi na tano. Aliyezitia alijua pipa, hakujua kwa nini. Kama ulivyofanya sasa hivi. Weka ndoo chini, ukunje mikono ya shati."

"Nina homa. Nasikia baridi."

"Kunja."

Mjane alikuwa amesimama. Alimsogelea shemeji yake, akamshika mkono wa kulia taratibu, kama anayemvisha mtoto sare ya shule, akafungua kifungo. Shati lilipanda. Kuanzia kifundo hadi kiwiko, upande wa ndani, ngozi ilikuwa imechorwa michirizi na malengelenge.

"Ulimshika kichwa," mjane alisema. "Kwa mkono huu."

Kijana alimpiga ndoo usoni.

Ukingo wake ulimpasua mjane paji, akaanguka juu ya meza ya kioo, meza ikavunjika chini yake. Sajini alimrukia kijana, wakagonga ukuta. Kijana alimuuma lile lile sikio lililopigwa jiwe, akajinasua, akanyakua kigoda cha chuma. Kilimpata Inspekta begani, mfupa ukalia. Mara ya pili alimlenga fundi, na fundi, mikono imefungwa, akainama. Chuma kikaingia kwenye kioo cha tangi.

Ufa ulikimbia hadi ukingoni. Kisha ukuta mzima wa maji ukashuka. Ulimbeba kijana magotini, ukamwangusha chali juu ya vipande vya vioo. Alijaribu kuinuka kwa viganja, viganja vikachanika. Sajini alimwangukia kwa uzito wote, akampiga ngumi mdomoni, akampiga ya pili.

"Inatosha!" Inspekta alikikanyaga kifundo cha mkono wa kijana, akakitoa kipande cha kioo kilichokuwa kimeshikwa. "Pingu."

"Dakika moja tu!" kijana alilia, meno yake mekundu. "Nilimshika dakika moja tu! Nilitaka aseme hataandika. Nikimwachia apumue, anasema ataandika. Ndugu yangu wa tumbo moja! Nikamrudisha. Akakataa kusema tena."

"Alikuwa hawezi tena kusema," Inspekta alijibu. Mkono wake mmoja ulining'inia. Kwa ule mzima aliifunua karatasi ya mashtaka ya saa nane, akakata maelezo ya mshtakiwa kwa mstari mmoja, akaandika mengine juu yake.

Mjane alikaa katikati ya maji, damu ikimwingia jichoni, akimtazama shemeji yake bila kupepesa.

"Mnifungue!" Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye matope ya mchanga. "Mnangoja nini? Wanakufa!"

Sajini alitafuta ufunguo, akauangusha, akaupata. Alipofungua pingu alibaki amezishika.

"Ee... fundi. Unajua, kazi ni kazi."

"Na kofi ni kofi. Leta ndoo, uchote pipa jeupe."

Sajini alichota. Fundi aliwakusanya samaki wawili kwa viganja, mmoja mmoja. Anemoni alikuwa amenata kwenye jiwe la chini, amesinyaa kama utumbo. Hakumng'oa. Aliliinua jiwe zima kwa kifua, vidole vilivyovimba vikikataa kukunja, akalizamisha kwenye ndoo.

"Atapona?" mjane aliuliza.

"Sijui, mama. Mguu wake bado umeshika jiwe. Anayeshika bado anataka kuishi. Dukani kwangu nina tangi lenye chumvi yake na mwanga wake. Nikimfikisha."

"Tokea mlango wa nyuma," Sajini alisema. "Mbele kuna wale watu."

Kwa nyuma njia ilipita ngazi zile, kisha uchochoro mrefu kuzunguka mtaa. Fundi alilitazama jua, akaitazama ndoo.

"Gari liko mbele," alisema. "Tukizunguka, maji yatapata joto."

Alitangulia. Inspekta alimfuata, na nyuma yao Sajini na kijana mwenye pingu. Geti lilipofunguka kelele zilipanda mara moja. Kiatu kilirushwa, kikampiga fundi kifuani, maji yakatikisika. Hakusimama. Mwenye fulana iliyochanika alimkinga njia, mpini wa fagio mkononi, macho yakihama kutoka kwa mikono isiyo na pingu, kwenda kwa mdogo wa daktari aliyelowa damu, na kurudi tena kwa fundi. Mpini ulishuka kidogo. Haukuanguka.

"Umebeba nini humo?"

"Mgonjwa," fundi akasema. "Pisheni."

Wakapisha.